Petroli ghali haitibu injini inayogonga



Vijana wa kanisani kwetu wanaponunua gari la kwanza, hawakosi kuniuliza: "Mzee, nitie petroli ya kawaida au ile ya bei ya juu?" Wanauliza kwa sababu vituo vingi mjini sasa vina pampu mbili, na mhudumu akishaona gari limeoshwa vizuri, hukuelekeza kwenye ile ghali. Unaona aibu kukataa, hasa kama nyuma yako kwenye foleni yupo mzee wa kanisa.

Ni swali la kituo cha mafuta, lakini mimi limenifikisha madhabahuni. Nivumilie nikueleze.

Kwanza tuelewe petroli yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo huwaka. Wakati mwingine sehemu ya petroli hujiwakia yenyewe kwa joto na mshindilio, kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo unaposikia injini ikigonga, kok-kok-kok, hasa unapopanda mlima. Namba ya okteni hupima jinsi petroli inavyostahimili mshindilio bila kujiwakia hivyo. Haipimi nguvu. Lita ya okteni ya juu haina nguvu nyingi kuliko lita ya kawaida kwa kiasi ambacho dereva atakihisi.

Kwa hiyo injini yenye mshindilio mkubwa, kama zile nyingi zenye turbo, huenda ikahitaji okteni ya juu. Injini iliyoundwa kwa petroli ya kawaida haipati faida yoyote ya maana kwa kunyweshwa okteni ya juu. Mwaka 2016 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilitangaza kwamba madereva milioni 16.5 nchini humo walikuwa wametia petroli ya bei ya juu katika magari yasiyoihitaji, na kwa mwaka mmoja walipoteza takribani dola bilioni 2.1. Hayo ni mabilioni yaliyochomwa ili mtu ajisikie amelitendea gari lake mema.

Utajuaje basi gari lako linahitaji nini? Mtengenezaji ameandika. Fungua kile kifuniko cha nje cha tangi au kitabu cha gari, utayaona maagizo yake. Tatizo ni kwamba magari yetu mengi yametoka Japani, na maandishi yake ni ya Kijapani. Huko, kwa kiwango cha taifa, petroli ya kawaida haipaswi kushuka chini ya okteni 89, na ile ya juu haishuki chini ya 96. Gari dogo lililoandikiwa "kawaida" huko Japani linatosheka na petroli ya kawaida ya hapa kwetu. Lililoandikiwa ya juu, lipe ya juu. Kama huwezi kusoma, tafuta anayeweza akusomee.

Unamkumbuka yule towashi wa Kushi katika Matendo 8? Alikuwa safarini, ameketi garini mwake, chuo cha nabii Isaya kiko mikononi, lakini haelewi anachosoma. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, hakuona haya kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Alikuwa mtunza hazina wa malkia, naye alikubali kusomewa. Sisi tunaona haya kuuliza, kwa hiyo tunamtazama jirani. Jirani ametia ya bei ya juu, nasi tunatia. Jirani amefunga siku arobaini, nasi tunafunga, ingawa Mungu alichotuagiza sisi mwaka huu ni kulipa deni la watu.

Sasa nikuambie yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari dogo kwa mkopo wa Sacco. Baada ya muda likaanza kugonga kila nilipopanda mlima. Rafiki akanishauri nitie petroli ya bei ya juu. Nikatia, na kweli, mlio ukapungua. Nikafurahi. Kwa miezi mingi nikawa mteja wa pampu ile, nikijiona dereva mwenye bidii, huku nikiahirisha kwenda kwa fundi.

Siku moja gari likazima njiani, mvuke ukifuka kwenye boneti. Fundi wa jua kali aliyelifungua alitikisa kichwa. Rejeta ilikuwa imeziba na kuvuja kwa muda mrefu. Injini ilikuwa ikichemka kupita kiasi, na joto hilo ndilo lililokuwa likiigongesha. Sasa gasketi ilikuwa imeungua. "Mzee," akasema, "kule kugonga gari lilikuwa linakuita. Wewe ukalinunulia dawa ya kulinyamazisha."

Maneno hayo sikuyasikia kama maneno ya gari.

Wakati huo mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa hatujasemezana kwa miaka mitatu. Sababu ni shamba la marehemu baba, na ukweli ni kwamba mpaka uliosogezwa niliusogeza mimi. Nilijua. Usiku nikilala, jambo hilo lilinigonga kifuani. Nikalitafutia petroli ghali. Harambee ya kanisa ikiitishwa, jina langu lilisomwa mbele. Fungu la kumi nililitoa na kuongeza. Vitambaa vya madhabahu nilinunua mimi. Nilipotoa sana, mlio ulipungua kwa wiki mbili tatu. Kisha ukarudi, nami nikatoa tena.

Katika Mathayo 5, Bwana Yesu anazungumza na mtu wa namna yangu. Anasema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, uende ukapatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Angalia kwamba haikatai sadaka. Anakataa itumike kunyamazisha kinachogonga. Samweli alimwambia Sauli jambo hilo hilo: kutii ni bora kuliko dhabihu.

Iko historia ya petroli inayonitia hofu kila nikiikumbuka. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini ya risasi kikitiwa kwenye petroli, injini huacha kugonga. Ilikuwa rahisi, na ikaenea duniani kote. Lakini risasi ni sumu. Ilitoka na moshi, ikaingia katika damu za watu, ikadhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu pale Gigiri, Nairobi. Injini zilinyamaza kwa miaka karibu mia moja, na waliolipa ni watoto waliokuwa wakipumua kando ya barabara.

Nyumbani kwangu vilevile. Nilikuwa nimejinyamazisha, lakini watoto wangu na watoto wa ndugu yangu walikuwa wakipishana njiani bila salamu. Hawakujua mambo ya mpaka. Moshi tu ndio waliokuwa wakiuvuta.

Nilienda Jumamosi moja. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ule mpaka niliusogeza mimi." Hakunijibu kwa muda. Kisha akamwita mkewe akamwambia aweke chai. Kigingi tumekirudisha mahali pake, mbele ya wazee. Mazungumzo yetu bado ni machache. Miaka mitatu haifutwi kwa kikombe kimoja. Lakini watoto wanasalimiana.

Usinielewe vibaya, mpendwa. Simwambii mtu apunguze sadaka. Ziko injini zilizoundwa kwa mshindilio mkubwa, na ukizipa kidogo unaziumiza. Aliyepewa vingi, Bwana anasema katika Luka 12, kwake vitatakwa vingi. Kama umejaliwa mali na muda, usijifiche nyuma ya mjane na senti zake mbili. Nawe mwenye kidogo, usikope ili utoe kama tajiri. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, wala si kwa asicho nacho.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza juu ya petroli namjibu: soma alichoandika mtengenezaji, utie hicho. Na injini ikigonga, nenda kwa fundi kabla ya kubadili pampu.

Nawe unayejiandaa kwenda ibadani asubuhi hii, bahasha yako ikiwa tayari mfukoni, sikiliza kwanza. Kama kuna kinachogonga, unajua ni nani wa kupigiwa simu. Mpigie kabla ya kutoka nyumbani. Bahasha itakungoja.

Jumapili njema.