Ua Linukalo kama Mzoga

Maua mengi huwaita nyuki kwa harufu nzuri na asali. Lakini yako maua yanukayo kama nyama iliyooza, na wageni wayatakao ni nzi.

Baadhi ya mimea yenye maua hayo ni ya nchi kavu. Ni mifupi, haina majani yaonekanayo, na mashina yake manene yenye pembe nne huweka maji ya kuutumikia mmea wakati wa kiangazi. Watu wa Ubaruku na Usangu yote waujuao mnyaa wanaweza kudhani kuwa ni jamaa yake, sivyo. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, bali mimea hii hutoa maji matupu.

Mmoja wao, uitwao na wataalamu Stapelia gigantea, huota tangu Tanzania hata Afrika ya Kusini. Ua lake ni mfano wa nyota yenye ncha tano, nalo laweza kupata upana wa sentimeta 30. Rangi yake ni manjano hafifu yenye mistari ya damu ya mzee, na juu yake yamesimama malaika, kama ngozi ya mnyama aliyekufa.

Nzi jike akiisikia harufu ile huja mbio, akidhani amepata mzoga wa kutagia mayai. Apitapo katikati ya ua, mdomo wake au mguu wake hunaswa na kibanio kidogo kilichofungwa vidonge viwili vya chavua, yaani unga wa ua. Akijivuta huondoka navyo; akidanganyika tena katika ua la pili, vidonge huachwa humo, na mbegu hupata kufanyika. Wahenga walinena, "Nzi kufia juu ya kidonda si haramu." Lakini nzi huyu hakuti hata kidonda: mayai yake huanguliwa, na funza hufa kwa njaa, maana ua halina nyama.

Hapo pana fundisho. Zamani watu wengi waliamini kuwa uozo wenyewe huzaa funza. Mwaka 1668 Francesco Redi, tabibu wa Italia, alionyesha kuwa sivyo: nyama iliyoachwa wazi ilipata funza, na ile iliyofunikwa isiingie nzi haikupata. Funza hutoka katika mayai ya nzi.

Basi mwenye mmea huu karibu na nyumba asiuchome moto akisema kuwa ndio uzaao nzi. Harufu ikimchukiza, auhamishe mbali na mlango. Nzi wanaotuletea kuhara huzaliwa katika samadi, takataka na vyoo visivyofunikwa, kwa kuwa huko watoto wao hupata chakula. Afukiaye taka, afunikaye choo na kukinga chakula chake ndiye awapunguzaye nzi. Lakini ang'oaye ua, nzi wake wabaki vilevile.