Bannerlord: Falme nane, dinari moja na njia isiyo salama

MCHEZAJI anaanza na dinari 1,000, farasi na chakula kidogo. Mbele yake imetandazwa ramani ya bara la kubuni liitwalo Calradia, lenye miji, vijiji, jangwa na theluji. Hakuna anayemlazimisha aelekee wapi.

Hivyo ndivyo unavyoanza Mount & Blade II: Bannerlord, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya TaleWorlds Entertainment ya Ankara, Uturuki. Uliingia sokoni Machi 30, 2020 ukiwa bado haujakamilika, na toleo kamili likatoka Oktoba 25, 2022. Wengi wanaufahamu kwa vita vyake, ambamo mamia ya askari hukabiliana kwenye kioo kimoja. Lakini katika saa za mwanzo, anayetaka kulisha watu wake bila kupigana kila siku hukimbilia biashara.

Bei hufuata umbali

Kila mji una soko lake na bei zake. Vijiji huzalisha nafaka, samaki, chumvi, tende au chuma na kuvipeleka mjini. Kinachopatikana kwa wingi huwa rahisi hapo na ghali mbali. Anayenunua samaki pwani na kuwapeleka bara hupata faida, ila si kwa mzigo wote: kila anapouza kimoja, bei ya kinachofuata hushuka. Akimwaga shehena yote soko moja, anaiua faida kwa mkono wake mwenyewe. Yeyote aliyefika sokoni na kukuta malori matatu ya vitunguu yamemtangulia anaijua hesabu hiyo.

Mzigo nao una gharama yake. Ukizidi uwezo wa farasi, msafara hupunguza mwendo, na walinzi wanaendelea kula na kudai mishahara. Msafara mzito ndio unaokamatwa na wanyang'anyi. Mchezaji mgeni hulijifunza hilo mapema, mara nyingi kwa kupoteza kila kitu.

Vita hufunga njia

Calradia ina dola iliyopasuka vipande vitatu vinavyogombea urithi, na falme nyingine tano pembeni. Vita huzuka bila mfanyabiashara kuulizwa. Kijiji kikiporwa, nafaka haifiki mjini. Mji ukizingirwa, maghala hukauka na bei hupaa.

Mwanzoni mchezaji asiye na upande huingia karibu kila soko. Akishaapa utii kwa mfalme mmoja, hupata nafasi ya kumiliki ardhi na kupata cheo, lakini masoko ya maadui humfungia milango, misafara yake huwindwa, na karakana aliyoinunua katika mji wa adui inaweza kumponyoka. Uamuzi huo ndio mzito kuliko pigano lolote la saa za mwanzo.

Sarafu moja haitoshi

Kuna jambo ambalo mchezaji wa Afrika Mashariki ataliona haraka. Falme zote nane hutumia dinari ileile. Hakuna kubadilisha fedha, hakuna foleni ya forodha wala karatasi za kugongewa mihuri.

Kwa wanaovuka Namanga au Busia, hiyo ni ndoto. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 30, 2013, lengo likiwa sarafu moja ifikapo 2024. Lengo hilo limesogezwa hadi 2031, na mfanyabiashara bado hupoteza kitu kila anapobadilisha shilingi au faranga.

Hata hivyo, Calradia ina sarafu hiyo na bado mizigo haifiki. Kinachokosekana ni amani barabarani. Wanaovuka kati ya Goma na Gisenyi hawahitaji mchezo kulijua hilo.

Kasoro zake

Mazungumzo na watawala hujirudia hadi yanachosha, na maelezo ya mwanzo ni mengi kuliko msaada wake. Mchezo hauna Kiswahili, na unahitaji kompyuta yenye nguvu na takriban gigabaiti 60 za nafasi.

Kwa mwenye kompyuta hiyo na subira, ushauri wa saa za mwanzo ni mfupi: nunua kidogo, uza katika miji miwili au mitatu, na kabla ya kupakia mzigo, uliza kwanza nani anapigana na nani.