Kelele ya WhatsApp na kura ya kijiji: nani anaongea ndani ya simu?

Wakati wa uchaguzi, kijana wa Barumbu mwenye simu ya kugusa anaweza kufikiri nchi yote imekwisha kuchagua. Magrupu yake yote yanataja jina moja. Masanduku yanafunguliwa, jina ni lingine. Papo hapo: wameiba! Pengine wameiba kweli, huku kwetu si neno geni. Lakini tuangalie kwanza nani anaongea ndani ya simu hiyo.

Kongo, wanaotumia intaneti hawafiki hata theluthi moja ya raia. Wengi ni vijana wa mijini, waliosoma kidogo, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Sababu zake kila mtu anazijua: mega ni feza, umeme wa kuchaji ni shida, na ukitoka mjini rezo inapotea. Mama anayepeleka mihogo sokoni kwa mtumbwi ana simu ndogo ya vitufe, ama hana kabisa. Kadi ya kura anayo. Kwa uchaguzi wa 2023, CENI iliandikisha watu karibu milioni 44, na mama huyo ni mmoja wao. Kijana wa miaka 16 anayebishana mtandaoni usiku kucha hamo, sheria inataka miaka 18. Ndugu zetu wa nje ya nchi nao, waliopiga kelele miaka mingi, walipiga kura mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 2023, na ni katika nchi tano tu.

Je, watu hao wanaegemea upande gani? Wakati wa Kabila, sana sana upinzani. Januari 2015, neno Telema, yaani simameni kwa Kilingala, lilizunguka simu kwa simu kupinga sheria mpya ya uchaguzi. Serikali ikakata intaneti. Seneti nayo ikaondoa kifungu kilicholeta ugomvi. Intaneti ikakatwa tena siku moja baada ya kura ya 30 Desemba 2018, kwa siku karibu 20. Upinzani wa Tshisekedi ulipoingia madarakani, wafuasi wake hawakuacha simu zao. Leo wanaotetea serikali na wanaoipinga wanajibizana palepale.

Mtu asiye na mega anaweza kutazama matokeo ya kituo chake mwenyewe: sheria inaagiza yabandikwe mbele ya ofisi ya kura baada ya kuhesabu.