Simu na Fundi Wako (3): Kioo Kipya, Kitufe Kimegoma

Katika sehemu ya pili tulitofautisha kioo chenye fremu na kisicho nayo. Leo tugeukie lalamiko linalofuata. Mteja amebadilishiwa kioo Thika mjini, akapanda matatu, na kufika Juja anagundua kitufe cha kuwashia hakiitikii. Fundi wa Ruiru anamwambia kitufe kimekufa, anunue kingine. Hukumu hiyo ni ya mapema mno.

Tunachobonyeza kwa nje ni kipande cha plastiki au chuma tu. Ndani yake mna swichi ndogo iliyobebwa na fleksi, yaani utepe mwembamba wa nyaya unaochomekwa kwenye bodi. Swichi iliyokuwa nzima kabla ya kioo kubanduliwa ni nadra kufa yenyewe. Mara nyingi kilichoguswa ni njia yake. Uchunguzi basi uanzie nje uelekee ndani, kwa kisicho na gharama kwanza.

Vua kava, kisha bonyeza usikilize. Kitufe kikikwama au kisipotoa mlio wake mdogo, yamkini gundi ya kioo imekiingia, au fremu imepinda wakati wa kubanduliwa. Dawa ni kusafisha na kunyoosha. Kikibonyezeka vizuri na simu ikanyamaza, shuku fleksi: haikuchomekwa sawasawa au imechanika. Fundi achomoe betri kwanza, ndipo aichomoe fleksi na kuirudisha. Bado? Aipime kwa multimita huku kitufe kimebonyezwa. Fleksi ikiwa nzima, shida imo kwenye bodi. Skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu la skrubu fupi huweza kutoboa matabaka ya bodi, na matengenezo hayo ndiyo ghali kuliko yote.

Vitufe vinavyosoma alama ya kidole vinahitaji hadhari zaidi. Kuanzia iPhone 5s ya mwaka 2013, kitufe chenye Touch ID huoanishwa na bodi ya simu yenyewe. Fundi anapoweka kioo kipya sharti akihamishe kitufe kile kile. Akiweka cha simu nyingine, alama ya kidole haitasomwa. Mapema 2016 baadhi ya wenye iPhone 6 waliotengenezewa nje ya Apple waliona simu zikizimika kabisa kwa hitilafu namba 53 baada ya kusasisha programu. Februari mwaka huo Apple ilitoa sasisho la kuzifufua, lakini Touch ID haikurudi. Kwa hivyo usikubali kitufe chako cha asili kitupwe, hata kikiwa na mkwaruzo.

Ukisubiri matengenezo, simu bado inatumika. Kwenye iPhone washa AssistiveTouch, na kwenye Android washa Menyu ya Ufikivu. Vyote huweka kitufe cha kugusa juu ya kioo.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mteja haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na fidia anapopata hasara, hata kama mtoa huduma ni mtu binafsi. Haki hiyo huwa rahisi kuidai ukiwa na risiti. Basi kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, bonyeza kila kitufe, jaribu kidole, piga simu moja, na uombe risiti inayotaja kazi iliyofanywa.

Wiki ijayo: betri inayovimba baada ya matengenezo.