Muswada uliokataliwa Uingereza wapata mnunuzi Nairobi

JINJA/MBALE. Mfanyabiashara anayetoa vitunguu Mbale hadi Malaba hujua kabla ya jua kuzama kama mzigo wake umepata bei. Anayeandika riwaya katika mji huohuo hutuma muswada, akasubiri miezi, na mara nyingi jibu haliji kabisa. Katika ukimya huo huanza kujiuliza kama ana kipaji au anapoteza muda.

Historia ya vitabu vya Uganda inaonyesha kwamba ukimya wa mchapishaji ni kipimo kibovu. Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda anayeishi Manchester, alikaa na riwaya yake Kintu kwa miaka mingi. Wachapishaji wa Uingereza waliiona ya Kiafrika mno kwa wasomaji wao. Mwaka 2013 ilishinda shindano la miswada la Kwani Trust ya Nairobi, na mwaka uliofuata ikachapishwa hukohuko. Marekani waliitoa 2017, na Uingereza wenyewe 2018, mwaka ambao Makumbi alipata tuzo ya Windham-Campbell yenye thamani ya dola 165,000. Kwa lugha ya soko, mzigo ulikuwa umepelekwa kwanza kwa watu wasioula.

Si yeye wa kwanza kuuvusha mpaka. Wimbo wa Lawino, ambao Okot p'Bitek aliuandika kwanza kwa Kiacholi katika miaka ya 1950, ulitolewa kwa Kiingereza na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1966. Toleo la Kiacholi lilisubiri hadi 1969.

Mbale ina mfano wake. Timothy Wangusa, aliyezaliwa Bugisu mwaka 1942, alitoa mashairi yake Salutations mwaka 1977. Riwaya yake Upon This Mountain ilitoka 1989, akiwa na umri wa miaka 47 hivi. Inasimulia kijana wa miteremko ya Mlima Elgon anayekua huku tohara ya imbalu ikimsubiri, mambo ambayo mkazi wa Mbale angeweza kudhani ni ya kawaida mno kuingia kitabuni.

Jinja, shaka huhusu zaidi lugha. Cultural Research Centre ya mjini humo imechapisha kamusi na vitabu vya Lusoga, lakini wanunuzi wengi wako Busoga tu. Kiswahili, ambacho baraza la mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, kina wasomaji kuanzia Busia hadi Mwanza.

Kinachosaidia zaidi ni kupata wasomaji kabla ya mchapishaji. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa Kampala katikati ya miaka ya 1990, kimejulikana kwa mikutano ya Jumatatu ambako waandishi husomeana kazi ambazo hazijakamilika na kukosoana ana kwa ana. Kwa mtu wa Mbale hiyo ni safari ya saa nne au zaidi, ila wasomaji watatu wakweli wanaweza kupatikana hata karibu na nyumbani.

Wanaochoka kusubiri huenda Barabara ya Nasser, Kampala, ambako mwenye fedha huchapiwa. Tofauti ni kwamba mchapishaji hubeba gharama na kutafuta soko. Mwenye mashine hukukabidhi maboksi. Aliyechagua njia hiyo ni heri aanze na nakala chache, aziache kwa mali kauli katika maduka ya vifaa vya shule Jinja na Mbale, kisha arudi baada ya mwezi kuhesabu zilizobaki.