Diko la Pangani: Riziki, Historia na Amana

Mto Pangani husafiri takriban kilomita 500 kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Chimbuko lake ni miteremko ya milima Kilimanjaro na Meru. Maji yake hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha huteremka hadi mji wa Pangani, mkoani Tanga. Mji uko ukingo wa kaskazini, Bweni iko ng'ambo ya kusini. Hapo ukingoni mwa mji mashua na ngalawa hutia nanga, samaki hushushwa, na kivuko huvusha abiria na magari.

Diko hili limeshuhudia mengi. Katika karne ya 19, misafara ya bara ilileta hapa pembe za ndovu. Ililetwa pia mateka, na wengi wao walitumikishwa katika mashamba ya miwa yaliyokuwa kandokando ya mto. Hayo ni machungu, lakini hatuna budi kuwasimulia watoto wetu bila kuyafunika, maana dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada yenye thawabu kubwa.

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kutwaa utawala wa mji. Mwakilishi wake, Emil von Zelewski, aliidharau bendera ya Sultani wa Zanzibar, na askari wa Kijerumani wakaingia msikitini na viatu na mbwa wao. Wenyeji hawakustahimili. Vita vilivyozuka vilienea mwambaoni, vikiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na Pangani. Alikamatwa, akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Leo zama nyingine zinabisha hodi. Mradi wa daraja la mita 525 juu ya mto huu ni kheri kwa wagonjwa, wafanyabiashara na wanafunzi. Lakini magari yakihamia darajani, ukingo huu utabaki mikononi mwa nani? Ardhi iliyo kando ya maji hupanda bei upesi, na mvuvi mwenye ngalawa moja hana sauti sokoni. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba maji ni katika vitu ambavyo watu hushirikiana. Basi njia ya kuyafikia nayo isifungwe.

Haki hiyo ina wajibu wake. Anayevua kwa baruti huvunja sheria, na huua pamoja na samaki wakubwa vifaranga ambavyo vingekuwa riziki ya wanawe. Anayekata mikoko ya mtoni hubomoa malezi ya samaki hao.

Wazazi, wapelekeni watoto dikoni. Waoneni wavuvi, waulizeni wazee, mwombeeni rehema kila aliyedhulumiwa hapo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuifikisha amana hii salama kwa watakaokuja baada yetu. Amin.