Tiyo gani ipitishe juisi yetu?



Mwezi jana kikundi chetu kilimwaga bidoni 3 za juisi ya marakuja na nanasi kwenye mfereji, nyuma ya parsele tunayofanyia kazi. Ni lita 60. Bibi arusi alikuwa anangoja vinywaji vyake kesho yake asubuhi. Matunda tulikuwa tumeyachukua kwa deni, sukari pia, na makaa. Sitaficha kitu, maana aliyekosea ni mimi: ni mimi niliyeenda kuazima tiyo kwa jirani.

Sufuria yetu kubwa ni nzito, na juisi ikiwa ya moto huwezi kuiinamisha bila kuungua. Kwa hiyo tunaiweka juu ya meza, tunatumbukiza tiyo ndani, na juisi inashuka yenyewe mpaka kwenye bidoni iliyo chini. Siku ile tiyo yetu ya kawaida ilikuwa imepasuka. Jirani akanipa ile ya kijani ya kumwagilia bustani, mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani. Niliiosha kwa sabuni mara mbili. Nilifikiri kitu kipya ni kitu safi.

Bidoni ya tatu ilipojaa, mwenzetu mmoja akaonja, akakunja uso. "Hii inanukia viatu vya plastiki," akasema.

Tulibishana mpaka giza likaingia. Mmoja alisema tuirudishe motoni, tuichemshe sana harufu itoke, tuongeze sukari na ndimu, watu wa arusi hawatajua. Mweka hazina alikuwa kimya, anahesabu deni kwa vidole. Mwishowe mama mzee wa kikundi akauliza: nani kati yenu atampa mtoto wake kikombe cha kwanza? Hakuna aliyenyoosha mkono. Tukamwaga. Deni bado tunalilipa, kidogo kidogo, kila Alhamisi.

Tangu siku ile nimeuliza na kusoma sana juu ya tiyo, kuliko nilivyowahi kufikiri mtu anaweza kusoma juu ya tiyo. Nawaletea niliyoyapata, kwa sababu wengi wetu tunapitisha humo juisi, kasiksi, mafuta ya mawese na maji ya kunywa.

Tiyo nyingi laini za bustani ni za plastiki inayoitwa PVC. PVC yenyewe ni ngumu, kama yale mabomba ya kijivu ya maji machafu. Ili ikubali kukunjika, kiwandani wanaichanganya na dawa za kulainisha, na nyingi ya hizo ni za jamii ya fitalati. Dawa hiyo haishikamani na plastiki moja kwa moja. Imekaa humo kama maji ndani ya sponji, na inatoka polepole. Vitu vitatu vinaitoa haraka: moto, mafuta na pombe. Juisi yetu ilikuwa inatoa mvuke. Fitalati kadhaa zinavuruga homoni za mwili, ndiyo maana nchi za Ulaya zimezizuia katika michezo ya watoto wadogo, wale wanaotia kila kitu mdomoni.

Harufu ile, kusema kweli, ilikuwa bahati yetu. Kuna kibaya kuliko hicho ambacho hakinuki kabisa, nacho ni risasi. Siyo ya bunduki. Nasema madini yale ambayo mafundi wa betri za gari wanaita plomb. Viwanda vimeitumia miaka mingi kuimarisha PVC isiharibiwe na joto, na inapatikana pia katika shaba ya manjano ya vile vichwa vinavyofungwa mwisho wa tiyo ya bustani. Haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Matunda machachu kama marakuja, nanasi na ndimu huivuta kutoka kwenye shaba kuliko maji matupu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inaumiza ubongo wa mtoto unaokua, na kwa mama mwenye mimba inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto haanguki siku ile ile, na hapo ndipo penye hatari, maana hakuna atakayekumbuka kikombe alichokunywa.

Dada mmoja wa kwetu anaishi Québec, kule Kanada. Nilipomsimulia habari ya juisi, alisema kule wako na kazi inayofanana sana na yetu. Baridi inapokaribia kwisha, usiku maji yanaganda na mchana yanayeyuka, ndipo maji matamu yanatembea ndani ya mti unaoitwa érable. Wanatoboa mti tundu dogo, wanaunganisha tiyo nyembamba, upana wake kama milimita 8 tu, na tiyo hizo zinakwenda kutoka mti hadi mti, zikishuka kilima mpaka nyumba ya kupikia. Humo wanachemsha karibu lita 40 za maji ya mti ili kupata lita 1 ya sharubati.

Hesabu hiyo ilinishtua. Maji yanaondoka na mvuke, lakini kama kuna risasi katika zile lita 40, yote inabaki katika ile lita moja. Ndiyo sababu wale watu hawachukui tiyo yoyote waliyoiona dukani; wananunua iliyotengenezwa kwa chakula. Ndoo za zamani za bati zilizounganishwa kwa risasi wanashauriwa wasizitumie tena. Nikamkumbuka mwenzetu aliyetaka tuchemshe juisi zaidi. Harufu labda ingepungua. Kama kulikuwa na risasi, tungeikoleza. Ninyi mnaopika konfiti na sharubati mnisikie vizuri hapo.

Sasa, dukani tufanye nini? Usimwambie muuzaji "nipe tiyo nzuri", atakupa ile ghali. Mwambie unataka tuyau alimentaire, kisha isome mwenyewe. Tiyo ya kweli mara nyingi ina maandishi yanayojirudia kwa urefu wake. Tafuta alama ya glasi na uma vikiwa bega kwa bega. Hiyo ni alama ya Ulaya ya vitu vinavyogusa chakula, iko katika sheria yao ya mwaka 2004. Kwenye bidhaa zenye alama ya Marekani utaona herufi NSF: namba 51 inahusu vifaa vya chakula, namba 61 maji ya kunywa. Tiyo isiyo na neno hata moja, mimi naiacha hapo hapo, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake.

Wengi wetu tumezoea kuangalia kile kipembetatu chenye namba chini ya bidoni. Kinasaidia, lakini kinasema aina ya plastiki tu. Namba 2 na 5 ni plastiki zinazotumika sana kwa chakula, namba 3 ndiyo PVC. Hakisemi kama rangi na dawa zilizochanganywa humo zinafaa kwa chakula, wala hakisemi bidoni ilibeba nini jana.

Kwa kitu cha moto, tiyo ya silikoni ndiyo inayofaa. Inavumilia maji yanayochemka bila shida. Bei yake inauma, lakini kwa kazi kama yetu mita 2 zinatosha, na kikundi kinaweza kuilipa kutoka sanduku la MUSO. Kwa juisi baridi na maji, ile PVC inayopenya mwanga inafaa kama imeandikwa kuwa ni ya chakula na umesoma joto inaloruhusu. Kwa maji ya kutoka tangi mpaka jikoni, kuna ile nyeusi ngumu yenye mstari wa buluu, iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Yenye mstari wa njano ni ya gesi, msichanganye.

Mafuta ya mawese yana habari yake. Mafuta huvuta dawa ya kulainisha kuliko maji yanavyofanya, na mara nyingi tunayamimina yakiwa bado na moto. Maoni yangu ni kwamba tiyo laini haina kazi hapo. Tumieni jagi na faneli ya inoksi. Ni polepole, ndiyo, na mkono unachoka. Kasiksi nayo ina pombe, kwa hiyo iangalieni kwa jicho hilo hilo.

Na tiyo iliyowahi kufanya kazi nyingine isiguse chakula, hata ukipewa bure. Sote tunawaona vijana wa kadafi kando ya barabara wakivuta esansi kwa mdomo kupitia tiyo. Esansi inaingia ndani ya plastiki yenyewe, na sabuni haifiki huko. Bidoni iliyobeba mazuti ni vile vile.

Mkipata tiyo yenye alama, ijaribuni kabla ya kazi. Kata kipande, kijaze maji ya moto, kiache kilale usiku, asubuhi unuse, kisha uonje kidogo. Kama maji yamebadilika, irudisheni. Kama hayakubadilika, hiyo bado siyo hati ya kwamba haina risasi, ndiyo maana alama inatangulia na pua inafuata.

Kuhusu usafi nitasema kwa kifupi, maana wengi mnajua. Juisi ina sukari, na sukari ikilala ndani ya tiyo inazaa ute unaoteleza ambao wadudu wanajificha ndani yake. Ioshe dakika ile ile kazi inapokwisha, kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza sana, kisha uitundike kivulini, midomo yote miwili ikitazama chini. Usiikunje ikiwa na maji. Na tuache kuvuta kwa mdomo, mate yetu yanaingia katika kinywaji cha watu. Jaza tiyo maji safi yaliyochemshwa na kupoa, ziba midomo yote miwili kwa vidole, tumbukiza upande mmoja ndani ya juisi, shusha mwingine, achilia. Yale maji ya kwanza yaangukie kwenye kikombe cha pembeni, kisha juisi inafuata. Mara ya kwanza mtalowa. Sisi tulilowa wote.

Tiyo ikianza kunata, kupasuka au kuwa na ukungu mweupe usiotoka, muda wake umekwisha.

Ile ya kijani nilimrudishia jirani pamoja na maelezo haya yote. Sasa inamwagilia lengalenga zake, na watoto wake wamekatazwa kunywa kwenye mdomo wake, hasa mchana, maji yakiwa yamelala ndani yake juani. Sisi tunakusanya pesa za kununua ya silikoni. Vikundi vinavyotaka kununua pamoja nasi vilete kipimo cha urefu vinaohitaji, na upana wa mdomo wa bomba lao kama wako nalo, kabla ya mkutano wa Jumamosi. Mweka hazina ndiye atakayeandika majina.